Naan Mbili Kwenye Kitenge

Kitendawili, Marsiana! Usinijibu "tega", nakutegea hivyo hivyo: ana meno yote na ulimi mzima, mama yake anatukana watu, yeye anatafuna tu. Nani?

Calixte!! Mchumba wa mjukuu wangu Lyse!

Niko kwenye bajaji narudi Katubuka.

Yeye na mama yake walitualika mimi na Lyse kula mchana kwenye hoteli ya yule Mhindi wa mjini, tupange harusi. Hatujakaa vizuri, mama yake Calixte akauliza, "Haya, tarehe ni lini?" Kabla hatujajibu vyakula vikaletwa: kuku mwekundu wa kuchoma, mishkaki, naan, ile mikate yao, za moto zinang'aa kwa siagi.

Nikala changu nikashiba. Kisha nikafunga paja moja na naan mbili kwenye kitenge, za mzee wangu Niyibizi. Si unajua hatoki kitandani? Tangu lini mimi nikala nyama nisimbebee?

Yule mama akanicheka mbele ya wahudumu! "Bibi, hapa si kambini kwa wakimbizi. Mambo ya kubeba mgao yaliishia huko."

Mgao! Mimi! Miaka yote hii nalima Kidahwe kwa mikono yangu!

Nikamgeukia Calixte. "Baba, umemsikia mama yako?"

Akachovya naan kwenye mchuzi. Marsiana, akachovya!

Lyse akainuka, akachukua kitenge changu, akaongeza mishkaki miwili, akakaza fundo. Ndipo akamwambia yule mama, kwa upole kabisa:

"Mama, uliuliza tarehe. Haipo."