Ugonjwa wa Baba, Ugonjwa wa Kaka

Jumatatu, 3 Machi
Kaka ana saratani ya pafu. Haya, nimeandika. Matibabu hataki hata kuyasikia. Ni ule ule wa baba, anasema, na baba tulimwona. Kweli tulimwona: miezi minne, mionzi, kisha kitanda kitupu. Shemeji analia jikoni. Mimi nimegombana na mlinzi wa hospitali, kwa kukosa wa kugombana naye.

Jumanne, 4 Machi
Nimepita palipokuwa na kiwanda chetu cha uchapaji. Sasa wanauza simu. Nikasimama mlangoni kama mjinga, nanusa. Harufu ya wino imekwenda! Enzi zile baba anapanga herufi za madini ya risasi, sigara isiyo na filta mdomoni, kila mara anatema vipande vya tumbaku. Kaka yuko kwenye mashine, naye na sigara yake kama ya baba. Mimi nasoma prufu, zile kurasa za majaribio, na kubishana na kila sentensi. "Huyu atabishana hata na kaburi lake," baba alikuwa akisema. Ah, siku zile!

Alhamisi, 6 Machi
Nimemvaa daktari. Nikamwambia wanatutisha kwa majina makubwa. Mama wa watu akaningoja nichoke. Kisha akasema: huu si wa baba. Zamani wanaume wengi walipata uvimbe katikati ya pafu, kwenye njia kubwa za hewa. Huo umepungua. Sasa umezidi huu wa kaka, unaoanzia kwenye chembe za tezi, pembezoni mwa pafu. Sababu mojawapo ni filta: moshi laini, mtu anauvuta mpaka chini kabisa. Lakini wa kaka, kipimo cha vinasaba kikikubali, una vidonge. Vidonge! Baba hakuvipata.

Nikakumbuka. Mwaka tuliomzika baba niliandika makala ya moto: wavutaji, hamieni filta! Kaka hakuwahi kunisikiliza kwa lolote. Kwa hilo alinisikiliza. Aliipanga mwenyewe, herufi kwa herufi, na jioni akanunua pakiti yake ya kwanza ya filta. "Umenishinda, mdogo wangu." Nilivimba kichwa wiki nzima.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwandikia barua tatu. Zote zinajitetea. Nimezichana.

Jumamosi, 8 Machi
Kwa kaka. Anacheka, anakohoa, anacheka. Nikamwambia: kaka, wako si wa baba. Una dawa. Jumatatu twende ukapimwe.

"Nani kasema?"

Daktari.

"Daktari alimjua baba? Chumba kimoja, mashine moja, moshi mmoja. Wangu utakuwaje mwingine?"

Shemeji akaacha kukunja nguo. Wote wawili wananitazama. Mimi, niliyemjibu waziri mbele ya umati mpaka akakaa chini! Nikasema natoka kupiga simu.

Niko barazani, daftari magotini. Sijampigia mtu. Jibu ninalo: ni filta, na filta ni makala yangu. Ndani namsikia kaka akimwambia mkewe: "Mwache, anatafuta hoja. Akija na ya kweli, nitakwenda."