Mtu wa Kiti cha Kumi na Mbili

Tucson, 4 Septemba

Shemeji Lud,

Salamu kutoka jangwani. Sisi wazima. Dada yako Irena anapumua vizuri kuliko alivyopumua huko Erie miaka kumi yote, kwa hiyo silalamiki, ingawa hapa jasho linakauka kabla hujalifuta. Goti la kushoto vipi? Na sikio? Ningekupigia simu, ila najua utaniuliza "Nani?" mara saba kisha ukate, basi naandika.

Jumapili Wavunja Barafu wetu wanaanza msimu wa mpira wa Kimarekani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na sita sitakuwa kando yako. Tiketi yangu nimewarudishia klabu waiuze. Ukipata jirani mpya, Mungu akujalie awe bubu.

Huyu mrushaji mpya, Devray Guillory, mimi simwamini. Wamemchagua wa kwanza kati ya wachezaji vijana wa nchi nzima, wamemkabidhi timu, na kila shambulio letu litaanzia mkononi mwake. Nimeutazama mkono huo kwenye televisheni. Uji mtupu.

Irena anakubusu.

Shemeji yako,
Norb

Erie, 17 Septemba

Shemeji Norb,

Nimepata barua yako, ahsante. Goti linauma mvua ikikaribia, na hapa mvua haijawahi kuwa mbali. Mengine salama.

Tumefungwa mechi mbili, nawe umeona. Mpira ameupeleka mikononi mwa adui mara tano. Mara moja hata hakukuwa na mtu wetu upande ule! Watu wa nyuma yetu wanamwita Posta, kwa sababu anawapelekea wapinzani vifurushi.

Kiti chako kimepata mtu. Mzee wa makamo, mweusi, kofia ya kijani mpaka kwenye nyusi, Kiingereza cha kusini kabisa, kimelainika kama siagi. Anaitwa Alton. Hatukani. Mpira ukinaswa anafumba macho tu, kisha anauliza, "Mzee Ludwik, hapa huwa kuna baridi hivi?" Namwambia, "Bwana, hii bado kiangazi." Huleta soseji ya wali na pilipili aliyoipika mwenyewe, imefungwa kwenye taulo iwe moto. Nilikula tatu.

Anakaa upande wa sikio langu zima, kwa hiyo namsikia vizuri.

Mbusu dada yangu.

Shemeji yako,
Lud

Tucson, 26 Septemba

Shemeji,

Hujambo? Sisi hatujambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili sikumkuta Norb ndani yake, ila soseji.

Tatu! Mke wangu alikuletea maandazi ya jibini miaka yote ile, ukala moja na kusema tumbo limejaa. Huyo Alton anajua kwamba ukitaka kusimama lazima akushike kiwiko cha kulia, si cha kushoto? Anajua kwamba dakika ya mwisho hutazami, kwamba ni mimi ninayekuambia kilichotokea? Au naye keshajifunza hayo kwa wiki mbili?

Mechi ya Jumapili niliitazama peke yangu. Irena alikwenda kanisani. Posta wenu akaangushwa mara saba, na kila mara nilimwangalia nikasema, amka, mwanaharamu, amka uharibu tena. Sijui kwa nini namchukia hivi. Labda kwa sababu yupo huko na mimi sipo.

Shemeji yako,
Norb

Erie, 15 Oktoba

Shemeji Norb,

Natumai barua hii inawakuta salama. Kiwiko ni cha kulia, ndiyo, na Alton alikijua siku ya kwanza bila kuambiwa. Alimuuguza mkewe.

Sasa nikuambie jambo, na ulifungie kifuani, hata Irena usimwambie. Jumapili uwanja mzima ulikuwa ukiimba "Mrudisheni kwao!" Kijana nyuma yetu akasimama kwenye benchi akapiga kelele, "Posta! Hata mama yako angerusha vizuri zaidi!" Watu wakacheka. Mimi pia, Norb, Mungu anisamehe, nilicheka.

Alton akaniinamia sikioni. "Alirusha vizuri kweli," akasema. "Yeye ndiye aliyemfundisha. Amekufa mwezi wa nne, siku kumi na moja kabla mtoto hajachaguliwa."

Ni baba yake. Alton Guillory, dereva wa basi la shule huko Opelousas, Louisiana. Nikamuuliza kwa nini hakai kule chini kwenye vyumba vya vioo, na familia za wachezaji. Akasema, "Kule wananionea huruma. Nataka kusikia anachosikia mwanangu, nimsaidie kukibeba." Mtoto mwenyewe hajui baba anakaa wapi, anadhani yuko nyuma ya vioo.

Nimemwalika Siku ya Shukrani, aje tule bata mzinga. Tutakuwa wawili, kwa sababu ninyi mko mbali.

Shemeji yako,
Lud

Tucson, 29 Oktoba

Lud,

Salamu. Irena mzima.

Kwa hiyo bata mzinga wa mwaka huu atakatwa na baba wa Posta. Mimi ndiye niliyemkata tangu mama yenu afariki. Sawa. Mimi ni nani? Mume wa dada tu.

Mfurahie.

Norb

Erie, 12 Novemba

Norbert,

Alhamisi mtu aliipigia redio ya mashabiki. Mimi sisikii redio, ila jirani yangu Halina anasikia. Mtu huyo alisema baba wa mrushaji anajificha jukwaa la juu, safu ya thelathini na moja, kiti cha kumi na mbili, amevaa kofia ya kijani, "anakula soseji huku mwanawe anatuzika."

Jumapili tulipofika walikuwa wanamsubiri. Robo ya kwanza walimtupia maganda ya karanga. Robo ya pili mpira ulinaswa, na kijana mmoja akammiminia bia kichwani, bilauri nzima. Nikasimama. Hakuna aliyenishika kiwiko, nilisimama mwenyewe, nikasema, "Nimiminie na mimi, mpuuzi wee, mimi nimekaa hapa kabla hujazaliwa!" Akanimiminia.

Alton alijifuta uso kwa taulo la soseji. "Mwanangu asijue," akasema, "tafadhali, mwanangu tu asijue." Lakini kamera zilikuwa zimeshatugeukia. Tulionekana kwenye ile skrini kubwa, mimi na yeye, tunadondoka bia. Na mtoto alikuwa amesimama katikati ya uwanja, kofia yake ngumu mkononi, anatazama juu.

Halina anasema sauti ya redioni ilikuwa na kikohozi chako.

Ni wewe? Andika ndiyo au hapana.

Ludwik Zaremba

Tucson, 18 Novemba

Shemeji,

Ndiyo.

Sitakuuliza hali, sina haki. Irena nimemwambia. Analala kwenye chumba cha wageni.

Nilitaka kusema kwamba sikudhani watamfanya lolote, lakini huo ni uongo. Nilitaka kile kiti kisikalike. Nilitaka Jumapili moja tu ufike, uone nafasi tupu, useme, laiti Norb angekuwepo. Nilimwonea wivu mtu aliyezika mke na ambaye kila wiki anakaa akisikiliza mwanawe anatukanwa. Niliionea wivu hata soseji. Nina miaka sitini na tisa.

Mwambie jina langu.

Norb

Tucson, 9 Desemba

Shemeji Lud,

Wiki tatu, na sanduku la barua lina matangazo ya viyoyozi tu. Nakuelewa.

Jana niliipigia tena ile redio. Nikataja jina langu lote, Norbert Pilarski, na mtaa niliozaliwa. Nikasema ni mimi niliyemuuza yule baba, na nikasema kwa nini. Mtangazaji akacheka, "Kwa hiyo mzee, ni mapenzi ya kiti?" Nikamwambia, "Ni mapenzi ya shemeji yangu, nawe hutayaelewa." Akakata simu.

Sijui kama kuna aliyesikia. Irena amerudi chumbani, lakini amenipa mgongo.

Shemeji yako, kama bado,
Norb

Erie, 6 Januari

Shemeji Norb,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa dada yangu. Hapa theluji imefika dirishani. Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na sasa bado ninayo, ila imepungua ukubwa, naweza kukaa nayo chumba kimoja.

Halina alikusikia. Aliniletea redio mlangoni, amevaa ndala kwenye theluji, akanibandikia sikioni, nikakupata mwishoni.

Alton amerudi kwao na hatakuja tena. Siku ya Shukrani hakuja. Hilo ni kosa lako, Norb, nami sitalipunguza.

Tumeshinda mechi tatu kati ya kumi na saba. Devray alirusha vibaya mpaka mwisho, usidhani kuna muujiza. Lakini Jumanne moja mwezi jana aligonga mlango wangu. Mrefu, ameinama, keki ya dukani mkononi. Akasema, "Wewe ndiye mzee uliyesimama?" Nikamkaribisha. Akala supu ya kabichi vibakuli vinne. Tangu hapo huja kila Jumanne, siku yao ya mapumziko. Hasemi mengi. Hunitolea takataka nje, hukoroma kwenye kochi.

Wiki iliyopita aliniuliza ni nani aliyepiga simu. Sikuficha. Nikasema, ni mume wa dada yangu. Akauliza, "Anakupenda hivyo?" Nikamjibu, vibaya sana, ndiyo. Hakucheka. Akasema siku utakapokuja atataka kukutazama usoni, na hajui atafanya nini.

Basi njoo mwezi wa saba, kabla ya mazoezi ya timu. Mlete Irena. Najua umeshaanza kumwonea wivu huyu kijana na supu yangu, nakuona kutoka huku. Ona wivu tu, lakini uje uuonee hapa, mbele yangu. Huko jangwani wivu huo utakuua.

Shemeji yako,
Lud