Magoti Yamekatazwa

Baba Limi,

Ukija mchana, michembe ya viazi vikavu yenye karanga iko kwenye sufuria ndogo. ~~Ile ya baba yako usiiguse.~~ Kula yote, baba yako hayupo. Nguo zipo kwenye kamba, mvua ikianza uzianue.

Ulishanionya tangu jana: mzee anakuja kutoka Samuye, mkwe anasalimia kwa kupiga magoti, goti liume lisiume, nisikuaibishe. Na Epifania, yule dada anayenifanyisha mazoezi tiba ya goti, amenikataza kupiga magoti mpaka mwezi uishe. Basi leo asubuhi nikashika kiti, nikaanza kushuka, nikakwama katikati. Chini siendi, juu sirudi. Shikamoo nikaitoa hivyo hivyo, nimejikunja kama natafuta sindano.

Wewe ukanikazia macho, ukaenda kazini umenuna, hata chai hukunywa. Imeniuma, nakwambia ukweli.

Lakini ungesubiri kidogo! Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Marahaba, mwanangu, inuka." Kisha akapandisha suruali. Goti lake limevimba kuliko langu! Linamsumbua tangu mavuno, na amekuficha wewe, eti utamkataza kufuata ng'ombe wake.

Bajaji imefika, nampeleka kwa Epifania sasa hivi.

Jioni ukitukuta mkekani, mimi na baba yako, tumenyanyua miguu juu tunahesabu mpaka kumi, usiulize nani anamheshimu nani. Wewe salimia tu. Ukipenda, piga magoti, yako bado mazima.

Mkwe wa baba yako,
Mama Limi