Ile x Niliyoikata

Alhamisi

Bado nasema zile x zilistahili kukatwa. Juu ilikuwa x + 4, chini x + 2. Nikakata x ya juu na ya chini, ikabaki nne juu ya mbili, yaani mbili.

Wambui, binti yangu niliyemfundisha kuhesabu kwa maharagwe, akasema, "Mathe, hiyo imejumlishwa, haikatwi. Weka x iwe moja uone."

Nikaweka, nikapata tano juu ya tatu. Nikaweka sifuri kwa hasira. Ikatoka mbili kamili.

Hapo hapo nikafunga kitabu nikaenda kugeuza chapati, kabla hajafungua mdomo.

Mtihani wangu wa hesabu ni Jumamosi. Nisipopita, ile kazi ya ofisi niliyoomba kule Westlands itaenda kwa mwingine. Ee Mungu, siku hiyo x iwe sifuri.