Sauti ya Kwanza ya Kaka Mehrban

Jabalpur, 4 Novemba 1991

Kaka Mehrban, asalaam aleikum. Natumaini miguu haikusumbui na shemeji hajambo. Sisi wazima, ila baridi imeanza.

Msimu wa harusi nao umeanza. Jana farasi wa bwana harusi aligoma katikati ya barabara, bendi tukarudia wimbo uleule mara sita. Nikageuka nicheke na wewe, kumbe pembeni yangu hakuna mtu. Tarumbeta lako nene Ustadh amelitundika kwenye duka la bendi yake, hakuna anayeligusa. Miaka kumi na tisa tumetembea bega kwa bega, wewe sauti ya kwanza, mimi ya pili, halafu unaondoka bila hata kuaga. Nilikukosea nini?

Mdogo wako, Ishtiyaq

Rampur, 29 Novemba 1991

Mdogo wangu, waaleikum salaam. Miguu haijambo. Shemeji yako anauliza kama bado unamaliza chapati nane.

Hukunikosea. Meno ya mbele yameniisha, na tarumbeta halipulizwi kwa ufizi. Misimu miwili nilivimbisha mashavu na kubonyeza vitufe tu. Nilishindwa kuwatazama usoni, nikaondoka. Tafadhali, Ustadh asijue.

Kaka yako, Mehrban

Jabalpur, 12 Desemba 1991

Kaka, salaam nyingi. Mwambie shemeji sasa ni kumi.

Ustadh anajua. Bendi nzima ilijua. Siku ile sauti yako ilipokatika mbele ya wageni, Ustadh alininong'oneza, "Puliza ya kwake, ya kwako iache." Tangu siku hiyo nimekuwa nikipuliza ya kwako. Anasema koti lako la bendi lipo. Rudi utembee nasi tu.

Mdogo wako

Jabalpur, 17 Januari 1992

Kaka, mko salama? Kama nimekuudhi, nitukane, lakini andika.

Mdogo wako

Rampur, 8 Februari 1992

Mdogo wangu, waaleikum salaam. Tuko salama.

Nilikasirika. Wiki nzima sikusema neno, mpaka shemeji yako akaniambia, "Kama umefiwa sema, nipike cha matanga." Nilidhani nimewadanganya, kumbe ninyi ndio mlikuwa mnanibembeleza. Lakini ile sauti niliisikia, Ishtiyaq. Nilikuwa nabonyeza vitufe huku najiambia, labda bado inatoka kwangu.

Nafika Alhamisi kwa treni ya asubuhi. Koti sitavaa. Nitasimama kando ya barabara na watazamaji. Wewe piga sauti ya pili, ile yako. Misimu miwili sijaisikia.

Kaka yako, Mehrban