Nilisema Mama Yupo

Mama,

Leo nimemwacha mumeo kwa watu.

Usinikasirikie. Nimemvalisha viatu, nimemfuta pua, nikamkabidhi kwa mwanamke wa kituo cha kulelea watoto kule nyuma ya kanisa, kisha nikaenda chuo. Nimelia kutoka pale mpaka barabara ya malori. Hakuna aliyenishangaa. Vumbi la Changamwe unalijua, kila mtu macho mekundu.

Wewe ndiye uliyempa mwanangu cheo hicho. Siku tuliyompa jina la marehemu baba, ulimwinua juu ukamtazama, ukasema, "Mume wangu Karisa amerudi, na safari hii hana hata jino." Wodi nzima ikacheka. Tangu siku hiyo ukawa unamdai unga na kumgombeza kwa kukosa kukununulia leso. Naye alipojua kusema akakuita mke wangu, kama wajukuu wote wa kwetu wanavyowatania nyanya zao. Ila Karisa hatanii, Mama. Yeye anaamini kabisa.

Babake alipotukimbia nilijua masomo yangu yamekwisha. Wewe ukaacha kuuza mahamri asubuhi kwenye geti la kiwanda, biashara uliyotulea nayo, ukaniambia, "Kasome huo umeme wako, Kadzo. Huyu mume wangu niachie mie." Mkopo wa serikali ulilipa karo, lakini habari za nani atamshika mtoto hakuna aliyeziuliza. Ulimshika wewe. Mimi nilikuwa nikirudi jioni nakuta mtoto ameoga, na chai ya iliki imefunikwa.

Kisha masika yakaja na kile kifua chako. Ulisema ni mafua tu.

Tulikuzika nyumbani Kaloleni. Wajomba walikataa Karisa apelekwe kaburini, eti amezoea sana mgongo wako, atasumbuka. Akabaki kwa jirani. Kwa hiyo yeye anajua umekwenda shamba, kama ulivyokuwa ukienda wakati wa mavuno. Geti likilia anakimbia. Akila hamri anabakisha kipande, anakiweka dirishani, na asubuhi mimi nakiondoa kabla hajaamka.

Nilijaribu kwenda naye chuo. Mwalimu wa karakana alikuwa mpole, lakini alisema ukweli: nyaya na mtoto wa miaka mitatu haviwezi kukaa chumba kimoja. Nikaanza kukosa siku, halafu wiki. Ndipo Zawadi, tunayeketi naye darasani, akaniambia chuo kimeanza kutoa basari kwa wanafunzi wenye watoto. Inalipa kituo cha watoto, nauli na vifaa vya masomo. Fedha ni kidogo, kwa hiyo wanaanza na wale wasio na mtu wa kumwachia mtoto.

Nikaenda. Aliyenihoji ni Madamu Mwende, mama wa bara, mtaratibu. Akaniuliza, "Ukiwa darasani, mtoto anakaa na nani?"

Nikasema, "Mama yupo."

Mama, wallahi sikukusudia. Ndivyo nilivyojibu kila aliponiuliza mtu, tangu Karisa azaliwe. Mama yupo. Jibu lilitoka lenyewe, nami nikalisikia likiwa nje tayari. Madamu akatabasamu, akaandika, akasema, "Una bahati wewe." Nikamshukuru! Nilishukuru, nikatoka, nikafika getini ndipo nikaketi kando ya barabara.

Walipobandika majina, langu halikuwepo. Zawadi alinijia juu. "We Kadzo, mbona usirudi ukawaambia?" Angejua. Tangu kuzikwa kwako sikuwahi kulitamka neno lile. Kanisani alilisema mchungaji, nyumbani wakalisema wajomba. Mimi nilisema hayupo, tulimpeleka nyumbani, ametangulia. Nilikuwa nalizunguka tu, kama mtu anayezunguka shimo la choo lisilofunikwa. Na sasa nikitaka kusoma ni lazima niliseme, tena mbele ya mgeni.

Nilirudi. Madamu aliponiona akasema, "Lakini si ulisema mama yako..."

"Mama amekufa."

Hata amefariki sikusema. Lilitoka hivyo hivyo, uchi. Madamu akaweka kalamu chini, akainuka akafunga mlango, akaniacha nilie. Hakuniambia nyamaza. Nilipomaliza akanipa maji, akaniambia kuna mwenzetu ameacha chuo, na nafasi yake ya basari ipo.

Nikaipata, Mama. Na nikakasirika. Ungekuwa hai nisingepewa hata senti, na wala nisingeitaka. Sasa mwanamke mwingine analipwa kwa kazi uliyoifanya miaka yote bila mtu kukuuliza umekula nini. Na hajui kwamba Karisa halali mpaka afunikwe miguu kwa leso. Nimempelekea ile yako ya manjano. Bado inanuka iliki.

Asubuhi yule mwanamke aliinama akamwuliza, "Jioni atakuja kukuchukua nani, baba?"

Kabla sijafungua mdomo Karisa akajibu, "Mke wangu."

Walimu wa kituo wakacheka sana. Nami nikacheka nao, ndipo nikazunguka nyuma ya ukuta nikaanza kulia.

Karakanani leo tumefunga taa ya ngazi, ile inayowashwa chini na kuzimwa juu. Yangu iliwaka. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye saa. Nilidhani lile neno nimelimaliza ofisini kwa Madamu. Kumbe pale nilikuwa najifunza tu kulisema. Mtu anayelingoja hasa ni huyu wako, na kila jioni nitakapomfuata mimi peke yangu atatazama nyuma yangu.

Kwa hiyo nakuahidi. Chuo nitamaliza, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Na Jumamosi nitampeleka Kaloleni, wajomba wapende wasipende. Nitamketisha kando yako, nimwambie mwenyewe, kwa kinywa changu, neno lilelile. Sitaki akue akidhani mkewe alimkimbia kama babake. Kipande chake cha hamri atakileta mwenyewe.

Pumzika, Mama. Mumeo anakuja kukuaga.

Mwanao,
Kadzo