Mama Anazungumza na Ester

Jumatatu, 7 Oktoba
Madaftari ya wanafunzi, kisha mkutano wa walimu. Mupe, padri mugeni hapa Kasongo, alituelezea watu wake, Waladini wa milima ya Italia. Askari wa Roma walifikisha Kilatini kule zamani, kikachanganyika na lugha ya wenyeji, kikabakia ndani ya mabonde. Watawala wa kisha wakasema ile si lugha, ni Kiitalia kilichoharibika. Leo watoto wanaisoma darasani. Kila Jumapili anaiongea na mama yake kwa telefone. Nilimuonea wivu.

Jumanne, 8 Oktoba
Mama anazidi kusahau. Kiswahili kimemutoka chote, iko na Kizimba tu, lugha ya kwetu. Ester, bibi ya kaka yangu, ndiye anamujibu. Ester, Mubangubangu wa Wamaza, mutu wa kabila lingine! Alikuja hapa bila neno hata moja la Kizimba. Lakini kwetu bibi-arusi anapika na mama-mukwe miezi mingi mbele ya kupewa jiko lake. Mama alimufundishia pale pale motoni.

Mimi nilikuwa masomoni. Ukikamatwa unasema Kizimba, unavalishwa kipande cha ubao shingoni siku nzima. Nilikivaa mara moja. Toka siku ile, Mama akisema Kizimba, nilijibu Kiswahili.

Alhamisi, 10 Oktoba
Mama na Ester walicheka pamoja kutwa nzima. Namuchukia Ester. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 11 Oktoba
Mama alininyooshea kidole, akauliza kitu. Ester akakataa kufasiria. Nikamukaza aseme.

"Wifi, anauliza huyu mwalimu atarudi kwake saa ngapi. Anasema mutoto wake amechoka kupikia wageni."

Mutoto wake ni nani? Ester akaangalia chini. Ni yeye.

Sikula.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nilimeza kiburi, nikaenda jikoni kwa Ester. Anifundishe kusema: mimi ni mutoto wako. Hakunicheka. Ingekuwa mimi, ningemucheka. Alinipa sombe, majani ya muhogo, nitwange, tukarudilia mupaka mikono ikalegea. Wivu uko pale pale.

Jumapili, 13 Oktoba
Nyuma ya misa nilikaa karibu na Mama, nikasema. Akanisahihisha. Nikarudilia. Akanisahihisha tena, polepole, ameshika kidevu changu. Mara ya tatu aliridhika, akamuambia Ester kitu.

Ester akafasiria: "Mwalimu huyu anajifunza vizuri."

Nikaomba neno lingine.